Afisa wa probesheni, alama za hatari, na siri ya mama

Swali la msomaji:

"Mshauri, shikamoo. Sisi ni watu wa Mtopanga. Mdogo wangu wa kiume, miaka 26, yuko Shimo la Tewa. Alifungwa miaka 5 kwa kuvunja duka usiku akiwa na wenzake wawili, na sasa ametumikia miaka miwili na miezi miwili. Wiki jana alikuja nyumbani afisa wa probesheni, akasema Mahakama Kuu inakitazama upya kifungo chake na huenda akakimalizia nje. Aliuliza mambo mengi: alikamatwa mara ya kwanza lini, rafiki zake ni nani, akitoka atalala wapi, anatumia nini, tunaishi vipi na majirani. Mama alificha habari za unga, akasema mwanawe hajawahi kugusa hata sigara. Jirani anatwambia huko ofisini watu hupewa alama, na mwenye alama kubwa hatoki. Je, alama hizo zinajua kweli nani atarudia makosa? Tukisema ukweli si tutakuwa tumemfunga kwa mikono yetu? Tuna shangazi Rabai mwenye shamba la minazi, tunafikiri aende huko. Na mama anataka akitoka tu tumuozeshe. Naomba unieleze."

Marahaba, dada yangu, na poleni kwa miaka hii miwili ya kupanda matatu za Mtwapa kila siku ya kwenda kumwona.

Nakupa jibu kwanza, maelezo yafuate. Rudini kwa afisa huyo mkamwambie habari za unga, yaani heroini. Mama akiona uzito, nenda wewe, ila nenda kabla ripoti haijafikishwa mahakamani. Kazi yangu hapa Pwani kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa kuwaandaa watu watoke jela na kuwafuata wakishatoka. Nyumba ambazo hadi leo nikizipita moyo hunishtuka ni zile zilizonificha jambo moja tu, kwa mapenzi, na jambo hilo hilo likamrudisha kijana ndani au likampeleka kaburini.

Iko hesabu ambayo familia nyingi haziipigi. Mdogo wako atatoka. Kwa Sheria ya Magereza ya Kenya, mfungwa wa kosa kama lake akiwa na nidhamu husamehewa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo miaka 5 huwa miaka 3 na miezi 4. Mahakama ikikubali, atatoka mapema akiwa chini ya uangalizi. Ikikataa, atatoka baada ya mwaka mmoja na kitu, siku moja asubuhi, kifurushi mkononi, na kwa kawaida hakuna afisa atakayemfuata. Kinachoamuliwa sasa ni namna atakavyotoka. Na akitoka kwa amri ya mahakama huku ripoti ikisema hajawahi kutumia chochote, atapewa masharti ya mtu asiyetumia: aripoti siku fulani, afanye kazi za jamii saa fulani. Arosto, yaani mateso ya kukosa unga, ikimshika, hataripoti. Asiporipoti amevunja amri, na mahakama ina haki ya kumrudisha. Siri ya mama inaweza kufanya hayo yote bila mtu mwingine yeyote kumtakia mabaya.

Sasa hizo alama. Jirani yenu amesikia nusu ya habari. Mwaka 1928, huko Chicago, mwanasosholojia Ernest Burgess alipitia majalada ya watu wapatao 3,000 walioachiliwa kwa masharti kutoka magereza ya jimbo la Illinois. Alichagua mambo 21, kama kosa lilikuwa la aina gani, mtu alifanya kazi gani kabla, aliishi wapi, na kila jambo lililoelekea upande mwema akalipa alama moja. Akajumlisha tu, kama mwenye duka anavyojumlisha deni kwenye daftari. Waliokuwa na alama nyingi karibu wote walishika masharti; waliokuwa na chache mno, wengi wao waliyavunja. Karibu miaka 26 baadaye, 1954, mwanasaikolojia wa Minnesota aitwaye Paul Meehl alilinganisha hesabu za namna hiyo na maoni ya wataalamu, akaonyesha kwamba kwa kawaida hesabu rahisi hulingana na mtaalamu au humshinda.

Mimi mwenyewe ilinichukua miaka kulikubali hilo. Nilipokuwa mgeni kazini niliwahi kuketi na vijana wawili wiki moja. Wa kwanza alikuwa na adabu, anakutazama usoni, anakujibu "naam mzee" kila sentensi. Wa pili alinuna, akajibu kwa neno moja moja, akanipa mgongo kabla sijamaliza. Wa kwanza nilimwandikia maneno mazuri yasiyo na msingi wowote isipokuwa nilivyompenda. Wa pili nilimwandikia kwa ukali. Yule mwenye adabu alikuwa na hukumu nne, hana kazi, na kaka zake wawili ndio waliomfundisha wizi. Yule mnuna alikuwa na hukumu moja, mke, na bosi aliyemwekea nafasi yake. Hakuna haja ya kukwambia nani alirudi ndani. Mnuna leo anatengeneza friji Changamwe. Lau ningejumlisha tu, bila kusikiliza moyo wangu, nisingemdhulumu.

Maswali aliyowauliza afisa yako ya aina mbili, ingawa katika mazungumzo huchanganyika. Yako yasiyobadilika: umri wa kukamatwa mara ya kwanza, idadi ya hukumu, kama amewahi kuruka dhamana. Haya hutabiri vizuri lakini hayana tiba. Hakuna kozi wala dua itakayombadilishia mtu umri aliokamatwa. Na yako yanayobadilika: anakaa na nani, anafanya nini mchana, anatumia nini, analitazamaje kosa lake. Hapa ndipo penye kazi. Wakanada wawili, Don Andrews na James Bonta, pamoja na mwenzao Robert Hoge, waliyaandika mwaka 1990 kwa mpangilio ambao nchi nyingi zinaufuata hadi leo: nguvu nyingi ziende kwa mwenye hatari kubwa, kazi ifanywe juu ya yale hasa yanayomrudisha kwenye makosa, na ifanywe kwa njia ambayo mtu huyo anaielewa na kuiweza. Chombo chao mashuhuri cha kupima hatari kina maswali 54.

Katika maandishi yao mambo makubwa ni manane. Historia ya makosa, pupa na hasira za kudumu, fikra zinazouhalalisha uhalifu, marafiki, familia, shule na kazi, namna ya kutumia saa za mapumziko, na vileo pamoja na dawa za kulevya. Tazama yasiyokuwemo. Huzuni haimo. Kujiona duni hakumo. Umaskini wenyewe haumo. Ugonjwa wa akili, ambao watu huuogopa kuliko yote, ukiuchukua peke yake hautabiri sana kurudia kosa. Nalisema hili kwa sababu nimeona nguvu nyingi za watu wema zikiishia kwenye hotuba za kumtia mfungwa moyo, na siku ya kutoka hakuna aliyejua kijana atalala wapi wala atafanya nini Jumatatu.

Kwa mdogo wako, swali zito kuliko yote ni lile la marafiki. Alivunja duka na wawili. Wako wapi hao wawili? Kama mmoja yuko nje na anakaa maskani ile ile, yaani kijiwe chao, iliyo hatua kumi kutoka mlango wenu, basi nyumba ya mama, pamoja na mapenzi yote yaliyomo, ndiyo mahali pa hatari zaidi kwake duniani. Siwalaumu vijana wa maskani. Maskani ndipo kijana wa Mombasa asiye na kazi anapopata kahawa ya bure, habari ya kibarua, na mtu wa kumcheka na kumlilia. Wengi wanaokaa hapo hawajaiba hata sindano. Lakini mpango wa kuvunja duka haufanywi na mtu aliyeketi peke yake chumbani. Mwambie afisa waziwazi ni maskani gani, nani yuko nje, nani yuko ndani, na nani katika rafiki zake wa zamani ana kazi na hajawahi kukamatwa. Huyo wa mwisho ni mali. Mara nyingi familia humsahau kwa sababu hana visa vya kusimuliwa.

La fikra mnaweza kulipima wenyewe mkienda kumwona. Muulize kwa upole juu ya mwenye duka. Akisema, "Tajiri yule, hakuumia," bado kazi ipo. Akiuliza kama duka lilifunguliwa tena, au akisema angependa kumwomba radhi, hilo ni jambo la kumfikishia afisa neno kwa neno, kwa maana yeye haoni yale mnayoyaona nyinyi siku za kumtembelea. Msimfundishe la kusema. Afisa mzoefu huijua sauti ya maneno ya kukaririshwa.

Umeuliza kama alama zinajua nani atarudia. Hazijui. Zinajua kundi. Chukua watu 100 wanaotoka jela, tuseme 10 kati yao watakuja kumwumiza mtu. Chukua na chombo kizuri, kinachopatia mara 7 katika 10, kwa watakaokosea na kwa wasiokosea sawasawa. Katika wale 10 kitawaona 7. Katika wale 90 wasio na neno kitakosea 27. Sasa una watu 34 waliopigwa muhuri wa hatari, na 27 kati yao wameonewa. Chombo hakikuharibika; ndivyo hesabu inavyokwenda pale jambo unalolitafuta linapokuwa la wachache. Ndiyo maana nasimama na wanaosema alama zitumike kuamua nani asaidiwe zaidi na aanziwe wapi, na nawapinga wanaotaka namba peke yake iamue nani abaki nyuma ya ukuta. Mmoja wa wale 27 akipewa msaada wa ziada bila kuhitaji, hasara ni ndogo. Akinyimwa uhuru wake, hakuna wa kumlipa. Na kwenu, ripoti ni ushauri kwa mahakama. Jaji ndiye anayeamua, na ana haki ya kuona tofauti.

Hata huo msaada wa ziada una mpaka wake. Watafiti wa Ohio, Marekani, walichapisha mwaka 2002 matokeo yaliyowashangaza wengi: watu wa hatari ndogo waliowekwa katika nyumba za uangalizi mkali walirudia makosa zaidi kuliko wenzao ambao hawakuwekwa humo. Ukimchukua kijana mwenye kazi, mke na imamu anayemjua, ukamwondoa kwenye hayo na kumlaza na wahalifu sugu akifundishwa kuacha uhalifu, umemvunjia yale yaliyokuwa yakimshikilia.

Zipo sehemu ambapo vipimo hivi humwonea mtu wa kwetu hasa, na nyinyi mnaweza kuzirekebisha. Chombo kile cha Kanada kinauliza kama mtu amehama mara 3 au zaidi ndani ya mwaka, na kama anaishi mtaa wenye uhalifu mwingi. Mpangaji wa chumba kimoja Kisauni anaweza kuhama mara tatu kwa mwaka kwa sababu kodi imepanda, au mwenye nyumba amemleta ndugu yake, bila kosa lolote. Na mtaa ukiupa alama ya uhalifu, alama hiyo umempa pia mwalimu wa madrasa, na nesi, na mama anayekaanga viazi karai pale kona. Kama mmehama, mweleze afisa sababu. Usiache swali lijijibu.

La kukamatwa nalo ni hivyo hivyo. Mwaka 2016 waandishi wa ProPublica, shirika la habari la Marekani, walikichunguza chombo cha kupima hatari kiitwacho COMPAS katika kaunti ya Broward, Florida. Katika watu weusi ambao baadaye hawakurudia makosa, karibu 45 kwa kila 100 walikuwa wamewekwa upande wa hatari. Katika weupe ilikuwa kama 23. Watengenezaji walipinga, wakasema alama fulani ina maana moja kwa mweusi na kwa mweupe. Wanahisabati wakaja kuonyesha kwamba pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi kwa pamoja, ilimradi viwango vya kukamatwa vilikuwa tofauti tangu mwanzo. Ulete Mombasa ukweli huo. Msako ukipita usiku, vijana wanane wanazolewa barazani wakapandishwa gari la polisi, na asubuhi saba wanaachiwa bila shtaka. Kukamatwa kunapima polisi walipita wapi, sawa na kunavyopima kijana alifanya nini. Kama mdogo wako aliwahi kukamatwa akaachiliwa, hakikisha afisa ameandika hukumu pekee kuwa hukumu, na kukamatwa kuwa kukamatwa.

Nimelichelewesha la unga kwa sababu nataka lisomwe likiwa limetulia. Mama anadhani anaficha aibu. Anachokificha ni jambo linaloweza kumwua mwanawe ndani ya wiki mbili za kwanza. Mwaka 2007 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliowafuata watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika majuma mawili ya mwanzo, uwezekano wao wa kufa ulikuwa zaidi ya mara 12 ya watu wengine wa jimbo hilo, na kilichoongoza kuwaua ni dawa za kulevya kupita kiasi. Sababu yake iko mwilini. Anayetumia kila siku, mwili wake huizoea heroini na hustahimili kipimo ambacho kingemwangusha mgeni. Akikaa ndani miezi bila kutumia, au akitumia kidogo kidogo, ustahimilivu huo hupotea. Anatoka, rafiki wa zamani anamkaribisha kwa furaha, anampa kipimo chake cha zamani. Mwili unalegea, kupumua kunapungua, kunasimama. Watu wa nyumbani humsikia akikoroma kwa sauti nzito isiyo ya kawaida wakadhani amelala vizuri.

Nimeketi kwenye matanga ya namna hiyo. Kijana ametoka Alhamisi, Jumamosi tunamzika. Mama yake alinishika mkono akasema, "Lakini alikuwa ameshaacha." Alikuwa ameacha kweli. Ndipo hatari ilipokuwa.

Kwa hiyo afisa anahitaji kujua: alianza lini, anavuta au anadunga, aliwahi kuacha akarudi, na kama mnajua lolote juu ya hali yake ya sasa. Hapo mahitaji yake yanabadilika kabisa. Badala ya kozi ya nasaha ya jumla, anahitaji daktari wa uraibu. Iko kliniki ya methadoni Kisauni, si mbali nanyi. Methadoni ni dawa anayopewa mtu kila siku mbele ya mhudumu, inaondoa arosto bila kumlevya akitumia ipasavyo, na wanaodumu nayo hufa kwa uchache zaidi na huiba kwa uchache zaidi, kwa sababu hawaamki asubuhi wakitafuta pesa ya kete. Barazani utasikia wakiita "unga wa serikali". Usikubali. Kama hajagusa unga kwa muda mrefu, daktari ndiye atakayeamua kama methadoni inamfaa au iko njia nyingine. Kumwona daktari ni lazima kwa hali zote. Muulizeni pia juu ya naloksoni, dawa inayomzindua aliyezidiwa na heroini, na ishara za kuzidiwa, ili kila mtu mzima wa nyumba hiyo azijue: haamki hata ukimtikisa, midomo inabadilika rangi, pumzi zinachelewa. Mkiona hayo ni hospitali mara moja, na asiachwe kulala chali.

Kama yuko kwenye dawa za kifua kikuu au za HIV, ombeni barua ya kuhamishia matibabu kabla hajatoka. Dozi hukatika langoni.

Sasa Rabai. Fikra yenu ni nzuri, na watafiti wangewaunga mkono: kumwondoa kijana kwenye maskani yake ya zamani katika miezi ya mwanzo humsaidia, na kazi ya shamba la minazi ni kazi, ina saa ya kuamka na mtu wa kumngoja. Lakini methadoni hutolewa kila siku, na kutoka Rabai hadi Kisauni kila asubuhi ni nauli na saa ambazo hakuna kijana atakayezimudu hata wiki tatu. Nimeona familia zikichagua shamba zikaacha dawa, na kijana akarudi mjini kwa miguu kuitafuta starehe yake. Basi kliniki ije kwanza. Daktari akisema methadoni, alale mjini kwa ndugu yeyote aliye mbali na maskani ile lakini karibu na kliniki, na Rabai ingoje. Daktari akisema haihitaji, mpelekeni Rabai, na mwambieni afisa mapema, kwa sababu makazi yakiwa nje ya Mombasa lazima mipango ya kumsimamia ifanywe na ofisi ya huko. Na shangazi mwenyewe ameulizwa? Afisa atataka kumsikia kwa kinywa chake, naye ana haki ya kujua anamkaribisha mtu mwenye mahitaji gani.

Kuhusu kazi mjini nitasema kidogo. Waajiri wengi huomba cheti cha tabia njema, kile kinachoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kuchukuliwa alama za vidole, na hukumu itaonekana. Milango ya kampuni za ulinzi na ya bandarini itakuwa mizito kwa muda. Milango ya mafundi ni mepesi, maana fundi hutazama mikono. Muulizeni mdogo wako alifanya ufundi gani huko ndani, kama alifanya mtihani wa ufundi, na cheti kiko wapi. Kitambulisho chake kitafuteni leo. Bila hicho hana laini ya simu, hana M-Pesa, hana kibarua. Na si kwamba hukumu humfuata mtu kwa uzito ule ule milele. Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura walifuatilia rekodi za New York, wakaona mwaka 2009 kwamba kijana aliyekamatwa akiwa na miaka 18 kwa kuvunja nyumba, akikaa karibu miaka 4 bila kukamatwa tena, hatari yake inakuwa sawa na ya watu wengine wa umri wake. Mdogo wako hakuanza hivyo hivyo, na ameshatumia unga, kwa hiyo siwezi kukuahidi miaka minne. Nakwambia ipo siku ambayo rekodi yake haitasema tena lolote juu yake.

Na harusi. Mama hakosei kabisa. Robert Sampson na John Laub waliyachukua majalada ya wavulana 500 wa Boston waliowahi kuwekwa shule za marekebisho, wakayafuata maisha yao hadi wengine wakafika miaka 70. Ndoa na kazi ya kudumu zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaondoa kwenye uhalifu. Lakini ukisoma kwa makini, si sherehe iliyowabadilisha. Ni mapenzi yaliyokua polepole, mke ambaye mume hakutaka kumpoteza, jioni zilizojaa watu wa nyumbani badala ya wenzake wa zamani. Ndoa ya haraka na mtu asiyejua anaolewa na nani haikufanya hivyo. Mwambie mama kwa heshima yote kwamba binti wa watu si dawa ya kumpaka mwanawe. Kijana akikaa mwaka mmoja ana kazi na ana afya, ataoa, na binti atajua anaingia wapi. Kumleta mke katika miezi ya arosto ni kumwongezea mtu wa kumwibia dhahabu zake.

Yananiuma mambo mawili katika barua yako. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2015 kanuni za kuwatendea wafungwa, ziitwazo Kanuni za Nelson Mandela, na ya 107 inasema maisha ya mtu baada ya kifungo yafikiriwe tangu mwanzo wa kifungo. Mdogo wako amekaa miaka miwili na miezi miwili, na kwa jinsi ulivyoandika, wiki jana ndiyo mara ya kwanza mtu kuja kwenu kuuliza atalala wapi. La pili ni upweke wa mama. Siri hii ameibeba miaka yote peke yake, akidhani anamlinda. Ukikaa naye, usianze na makosa yake. Mwambie umefunga safari kwa mshauri, na mshauri ameuliza tu: kijana akizidiwa usiku, nani nyumbani atajua la kufanya?

Mkifika ofisini, muulizeni afisa waziwazi amemwona mdogo wenu ana mahitaji gani, na kila hitaji nani atalishughulikia na kuanzia lini. Mkiona jambo limeandikwa kinyume, mseme hapo hapo. Mwulize pia kama mwenye duka ameulizwa maoni yake, kwa maana naye aliumia, na mkiwa tayari kwenda kumwomba radhi kama familia, pamoja na mzee wa mtaa, hilo ni bora likajulikana kabla ya siku ya mahakama.

Siku ya kutoka fikeni langoni asubuhi na mapema, watu wawili, mmoja wenu awe mwanamume anayemheshimu. Asipande matatu peke yake. Simu ya zamani yenye namba za zamani ibaki nyumbani, apewe laini mpya. Kituo cha kwanza kiwe kliniki, mkiwa mmeshaongea nao wiki moja kabla. Mama ampikie chakula cha jioni, kwa sababu mchana wote mtakuwa bado mko foleni.